Masafa na Saa baina ya Nairobi na New York

Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, ikaenda hadi kiwanja cha John F. Kennedy, New York, bila kutua popote njiani; na tangu hapo abiria wengi wameuliza, nao wana haki ya kuuliza, kwa nini njia moja, yenye masafa yale yale, huchukua takriban saa 15 kwenda na saa 14 kurudi.

Masafa yenyewe yapata kilomita 11,840, nayo hupimwa juu ya tufe la dunia, si juu ya ramani iliyotandazwa mezani. Mwenye kuweka rula juu ya ramani ya ukutani ataona mstari ukipita Mali na kutokea pwani ya Mauritania. Lakini akichukua tufe, akavuta uzi ukazike baina ya miji hiyo miwili, ataona uzi umepanda kaskazini, umekata Sudan Kusini na Chad, umevuka Sahara, na nusu ya njia imeangukia karibu na Marrakesh, huko Moroko, kabla ya kuingia Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote, ijapokuwa rubani aghalabu huipinda kidogo kwa sababu ya dhoruba na pepo.

Na pepo ndizo zenye siri ya ile saa moja. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi, juu ya Atlantiki ya kaskazini, huweza kupita kilomita 300 kwa saa. Ndege ya Boeing 787 hukata hewa kwa mwendo wa kilomita 900 hivi kwa saa, ilhali hewa hiyo nayo inasafiri: ndege ikienda magharibi, upepo huipunguzia mwendo; ikirudi mashariki, huisukuma. Mabaharia wa pwani yetu, waliokwenda Arabuni kwa kusi na kurejea kwa kaskazi, waliijua kanuni hii karne nyingi kabla ya ndege, nami naona fahari kuikumbuka.

Ama kuondoka Nairobi usiku, nako kuna faida yake: Embakasi, kilipo kiwanja cha Jomo Kenyatta, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi. Ndege iliyosheheni mafuta ya safari ndefu hunyanyuka kwa wepesi zaidi katika baridi ya usiku.

Linalowatatiza watu zaidi ni tikiti. Ratiba ya mwanzo ilisema: kuondoka Nairobi saa 5:25 usiku, kufika New York saa 12:25 asubuhi. Msomaji huhesabu saa 7, akastaajabu! Lakini kila saa iliyoandikwa ni ya mji wake, na wakati wa baridi Nairobi imetangulia kwa saa 8. Ziongeze, upate 15.

Basi wewe unayekwenda kumpokea jamaa yako, hesabu muda wa safari hivi kutokana na saa za tikiti: kwa anayekwenda Marekani ongeza 8, kwa anayerudi toa 8, na kuanzia Machi hadi Novemba, Wamarekani wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele, tumia 7.