Treni Kubwa, Meza Ndogo

Sisi wa Changamwe tumezoea mlio wa garimoshi. Reli ile ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Muhula uliopita tuliamua kuitengenezea mfano kwa siku ya wazazi. Treni ya kuchezea niliipata mtumbani Kongowea, pamoja na kitabu cha ramani za reli ndogo.

Ramani tuliyoichagua ilitaka ubao wa futi 4 kwa 8, yaani plaiwudi nzima. Sisi tulikuwa na madawati mawili, na ukiyaunganisha upana ni sentimita 80 tu. Tukasema, si tupunguze kila kitu? Kumbe treni yenyewe haipungui! Kona ya ramani ile, toka katikati ya duara hadi relini, ni sentimita 46. Basi mzunguko mzima wataka sentimita 92. Tukazipinda reli kwa koleo. Siku ya majaribio kichwa kilifika konani, kikaanguka sakafuni puu! Gurudumu likavunjika, na wiki moja tu ilibaki.

Mamangu, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyetufungua macho. Alisema shati la kaka likipunguzwa kwa mdogo wake, hukatwa ubavuni na chini; vifungo havipunguzwi.

Basi nawe fanya hivi. Kwanza, pima nafasi yako kabla ya kupenda ramani. Pili, pima kona, maana hiyo haikatwi. Tatu, punguza sehemu zilizonyooka na reli za pembeni. Nne, duara likikataa kuenea, liache. Reli ya Mombasa haizunguki, ina mwanzo na mwisho. Sisi tuliweka ubao mwembamba ukutani, stesheni huku na stesheni kule, treni ikawa yaenda na kurudi.

Wala usione haya kukata. Treni yetu ni ndogo mara 87 kuliko ya kweli. Safari ya Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, kwa hivyo mfano kamili ungetaka zaidi ya kilomita 5. Nani ana chumba hicho?

Gurudumu tulilibandika kwa gundi. Siku ya wazazi treni ilikwenda ikichechemea, lakini ilifika. Wahenga walisema, jikune ujipatapo.