Kompyuta ikipanga safari ya pamba, iache lini kutafuta?

Lori moja likitoka Maswa mjini kukusanya pamba kwenye AMCOS 10, lianzie wapi? Mifuatano inayowezekana ni 3,628,800. Hakuna dereva wa kuikagua yote.

Zipo programu za kompyuta za kazi hii, kama OR-Tools ya Google, inayopatikana bure. Programu hupata njia moja, kisha hutafuta iliyo fupi zaidi. Ikiacha mapema, mafuta yanapotea. Ikiendelea mno, lori linasubiri na pamba imelala ghalani.

Mtaalamu anaweza kuipa maagizo yake ya kuacha. Tuseme umemtuma kijana mnadani kutafuta ng'ombe, ukamwambia: "Kila ukipata wa bei nafuu zaidi, nipigie." Akipiga, wewe ndiye unayeamua: atafute tena au alipe. Programu nayo hutoa taarifa kila ipatapo njia bora, na maagizo yako ndiyo yanayojibu. Kwa mfano: "Lori likiweza kurudi kabla ya jua kuzama, acha."

Hapa tuwe makini. Kijana asipopata ng'ombe wa nafuu zaidi, hapigi simu, nawe unaweza kungoja hadi usiku. Kwa hiyo programu iwekewe pia muda wa mwisho, tuseme dakika 5.

Na anayeweka maagizo awaulize kwanza madereva na wakulima. Kompyuta haijui daraja lililokatika mpaka iambiwe.