Nyoka amekuuma: acha kamba, tafuta pikipiki

Kila wakati wa kulima na kuvuna, swali linarudi: nyoka akimuuma mtu shambani, kamba tuifunge wapi, juu ya kidonda ao chini? Jibu ni fupi. Musifunge fasi yoyote.

Tunajua kama jibu hilo halipendezi. Toka utoto tumeona wazee wakipasua kipande cha kitenge na kukaza mguu mpaka mtu analia. Basi tueleze juu ya nini.

Katika majimbo yetu ya mashariki, nyoka wa hatari wako wa namna mbili kubwa. Wa kwanza ni wale wanene na wafupi, kichwa kipana, wenye wanalala kimya ndani ya majani makavu mpaka uwakanyage. Ndio vipera. Kuko wale wa majani na savana, kama katika bonde la Ruzizi, na kuko wale wakubwa wa pori lenye miti mikubwa, wenye rangi inafanana kabisa na majani yaliyoanguka. Sumu yao inavimbisha, inaoza nyama, tena inazuia damu kuganda. Sasa ukikaza kamba, sumu inabaki imefungiwa pahali pamoja na inaendelea kula nyama, wakati huohuo mguu haupati damu mpya. Ukikaa hivyo masaa kadhaa, mguu unaweza kufa. Kamba inamaliza kazi yenye nyoka alianza.

Wa pili ni kobra na mamba. (Mamba wa kwenye miti, si yule wa mtoni.) Sumu ya wengi wao haivimbishi sana, na hapo ndipo watu wanadanganyika: "Mguu haukuvimba, iko sawa." Mwangalie macho. Kope za juu zikianza kuanguka kama mtu mwenye usingizi, mate yakimshinda kumeza, sauti ikibadilika, sumu imefika kwenye mishipa ya fahamu na inaenda kwenye pumzi. Mlaze upande, asinyongwe na mate ao matapiko. Pumzi ikikatika, mpulizie mdomo kwa mdomo, na musichoke. Sumu hiyo inalegeza misuli ya kupumua. Mtu anaweza kurudi kama mwingine anamshikia pumzi mpaka apate matunzo.

Na jiwe nyeusi? Hapa wengi watatukasirikia. Jiwe nyeusi ni mfupa wa mnyama uliochomwa mpaka ukawa kama makaa. Linanata kwenye kidonda kwa sababu linanyonya majimaji, lakini sumu imekwisha kuingia ndani ya nyama, hailiwezi. Basi mbona jirani alipona? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kuua mtu, tena hata mwenye sumu mara nyingine anauma bila kuimwaga. Mtu huyo angepona hata mukimwekea kipande cha sabuni. Shida ni yule mwingine, mwenye alipata sumu ya kweli na akangojea na jiwe lake mpaka asubuhi. Kuchanja kwa wembe ni vibaya zaidi: damu haigandi, na wewe unafungua mlango mwingine wa kutokea. Kunyonya kwa mdomo, petroli, pombe, kunywesha majani: hapana.

Kazi ya kweli ni ndogo na haina maajabu. Toka karibu na nyoka, usimfuate na panga. Wengi wanaumwa mara ya pili pale. Ondoa pete, bangili, kiatu, nguo yenye kubana, mbele ya uvimbe kuanza. Mguu ao mkono usitembezwe: funga fimbo mbili kando-kando na kitambaa laini, kama vile umevunjika, bila kukaza. Mgonjwa asikimbie, asitembee. Chora kwa biki fasi uvimbe umefika na uandike saa. Kwa maumivu, parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni hapana, zinaongeza kutoka damu. Kama watu walikwisha kukaza kamba na wakati mrefu umepita, musiifungue njiani. Ifunguliwe mbele ya muuguzi.

Halafu pikipiki. Motari mbele, mgonjwa katikati, mtu mwenye nguvu nyuma anamshika. Mu Nepali, kusini-mashariki, vijiji vilijipanga na pikipiki za kujitolea kwa kupeleka wenye kuumwa na nyoka, pamoja na kufundisha watu. Mbele ya hapo, katika watu 200 wenye kuumwa, karibu 21 walikuwa wanakufa. Kisha, mmoja. Ni pikipiki kama zetu, barabara mbaya kama zetu.

Mkifika, kuwe na ujuzi wa neno moja. Kwetu "serumu" ni ile chupa yenye kutundikwa, maji ya chumvi ao ya sukari. Hiyo haiuwi sumu. Dawa ya sumu ya nyoka waganga wanaiita SAV. Ulizeni wazi: "Muko na SAV?" Kama haiko, ombeni transferi saa ileile, musilale pale na chupa ya maji mkifikiri dawa imeanza. SAV inaweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo inatolewa fasi iko adrenalini na mtu wa kuchunga, si nyumbani. Na hata siku ya pili, kama damu bado haigandi, SAV inaweza kusaidia. "Mumechelewa, rudini" si jibu.

Kuko kipimo ambacho hata kituo kidogo bila laboratware kinaweza kufanya. Muuguzi anachukua mililita 2 za damu, anaziweka ndani ya chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, anaiacha dakika 20 bila kuitikisa, kisha anaiinamisha. Ikimwagika kama maji, sumu iko ndani ya damu. Iwe kioo, si plastiki. Mbele ya kipimo hicho, kataeni sindano ya matako, hata ya maumivu: damu inaweza kutoka ndani ya nyama bila kusimama.

Kuko pia kobra mwenye anatema. Akikupiga machoni, osha kwa maji safi mengi, dakika 15 ao 20, usisugue, kisha uende kituoni.

Linabaki jambo la usiku. Mama anaumwa saa kumi na mbili za jioni, motari anaogopa barieri, watu wanasema tungojee kuche. Hiyo hamutaimaliza siku yenyewe. Leo, wakati hakuna mtu ameumwa, pigeni simu hospitali ya zone yenu muulize kama SAV iko na ni wapi. Andikeni namba ya muuguzi, ya motari wawili, ya chefu. Zungumzeni na chefu namna atasemea watu wa barieri mgonjwa akipita. Karatasi hiyo muibandike kwa duka la chumvi, pale kila mtu anafika.