Ua Lililolala Halijafa

Akina mama wengi wa Kinondoni na Temeke hupamba sebule zao kwa maua ya vyungu yanayoota kutokana na tunguu, yaani ile sehemu nene ya chini inayofanana na kitunguu. Mojawapo ni amarilisi, lenye maua makubwa kama tarumbeta. Jingine ni lile ua jekundu la duara kama mpira, ambalo huota hata porini hapa Tanzania na kuchanua mvua zinapoanza. Majani yakikauka, wengi hutupa mmea mzima jalalani. Dada msomaji, usiutupe. Umelala tu.

Ua likinyauka, kata bua lake lakini acha majani. Hayo ndiyo yanayotengeneza chakula cha akiba kwa ajili ya ua la mwaka ujao. Weka chungu karibu na dirisha lenye mwanga, na kila mwezi ongeza samadi kidogo iliyooza vizuri.

Kipupwe kikifika, mwezi Juni au Julai, punguza maji kidogo kidogo hadi uache kabisa. Majani yakikauka yaondoe, kisha weka chungu mahali pakavu penye kivuli kwa wiki 8 hadi 10. Tulipu za Ulaya huhitaji baridi kali ili zichanue tena, kwa hiyo hazitufai. Haya mawili hutosheka na ukavu.

Vuli ikikaribia, badilisha udongo wa juu na umwagilie kidogo. Ncha ikichomoza, ongeza maji. Usihamishie kwenye chungu kikubwa mno, na shingo ya amarilisi ibaki juu ya udongo.

Kwa usalama wa familia, zingatia mambo mawili. Kwanza, matunguu haya yana sumu. Usiyaweke kamwe jikoni karibu na vitunguu. Mtoto akila anaweza kutapika, kuumwa tumbo na kuharisha. Usimlazimishe kutapika; mtoe mabaki mdomoni, mwahishe hospitali, na uchukue kipande cha mmea ukamwonyeshe mganga.

Pili, mwaga maji yanayotuama kwenye kisahani cha chungu. Humo huzaliana mbu waenezao dengi, ugonjwa uliolikumba jiji letu mwaka 2014 na tena 2019.

Ukifuata haya, chungu kimoja kitaipamba nyumba yako miaka mingi bila kununua kingine.