Jiji likipanuka, barabara hukosa kukutana

KATIKATI ya jiji la Nairobi barabara hukatana kila baada ya hatua chache. Anayepata moja imefungwa hupitia nyingine.

Hali ni tofauti pembezoni. Wakazi waliongezeka kutoka milioni 2.1 mwaka wa 1999 hadi milioni 4.4 mwaka wa 2019, na makazi yakatapakaa hadi Kiambu, Machakos na Kajiado. Mashamba yaligawanywa kuwa ploti, kila mwenye shamba akikata njia yake inayoishia kwenye ua wa jirani.

Matokeo ni kwamba majirani waliotenganishwa na ukuta huzunguka hadi barabara kuu ili kufikiana, nalo gari la zimamoto huchelewa. Nyumba zikishajengwa, kuunganisha njia hudai fidia na ubomoaji. Wakati wa kuziunganisha ni kabla ya ploti kuuzwa.