Sumu Iliyorudi Mezani

Mnamo Aprili 1956, katika mji wa Minamata, kusini mwa Japani, mtoto wa kike wa miaka mitano alipelekwa katika hospitali ya kiwanda. Alishindwa kutembea sawasawa, na ulimi wake ulikuwa mzito. Siku chache baadaye mdogo wake alishikwa na maradhi yale yale. Tarehe 1 Mei mganga mkuu wa hospitali hiyo, Daktari Hajime Hosokawa, aliwaarifu wakuu wa afya kwamba umezuka ugonjwa usiojulikana.

Wavuvi wa pwani ile walikuwa wamekwisha kuona dalili. Samaki walielea wafu, na paka walirukaruka kama wenye wazimu hata wakafa. Paka na watu walishiriki chakula kimoja: samaki na chaza wa ghuba ya Minamata.

Chanzo kilikuwa kiwanda cha kampuni ya Chisso, ambacho kwa miaka mingi kilimwaga baharini maji machafu yenye zebaki. Wengi hudhani kwamba bahari ni pana, na kila kitupwacho humo hupotea. Sivyo. Zebaki haiozi. Huingia katika vijidudu vya majini. Samaki wadogo huvila vijidudu hivyo. Samaki wakubwa huwala wadogo. Na katika kila hatua sumu huzidi kulimbikizana. Hatimaye hufika mezani, wala haiondolewi kwa kuoshwa, kuchemshwa au kukaangwa. Mwilini hushambulia ubongo. Mama mja mzito humpitishia mtoto kwa njia ya kondo la nyuma; ndiyo sababu baadhi ya akina mama walioonekana wazima walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika.

Mwaka 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto waliitaja zebaki. Mwaka huo huo Daktari Hosokawa alimlisha paka chakula kilichotiwa maji machafu ya kiwanda, na paka akaugua. Kampuni haikuyatangaza matokeo hayo, na umwagaji uliendelea hadi 1968. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kazi ya kuondoa tope lenye sumu ilianza 1977 ikamalizika 1990, na wagonjwa waliotambuliwa rasmi wamezidi 2,200.

Mkataba wa mataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliotiwa saini 2013, ulipewa jina la Minamata. Nasi unatuhusu. Katika Afrika Mashariki wachimbaji wadogo wa dhahabu bado huishika zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma, na masalio yake huweza kuingia mitoni na maziwani. Basi isiwekwe nyumbani, wala isichomwe karibu na jiko au watoto, wala vyombo vyake visioshwe mtoni. Na anayeona maji yakichafuliwa asinyamaze. Watu wa Minamata waligharimiwa na ukimya wa miaka tisa, na waliolipa zaidi ni watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.