Akwariumu nyumbani: kabla ya kununua taa kubwa, fikiria batri

Ku Lubumbashi, watu wenye kufuga samaki ndani ya kioo wanaona ku intaneti zile taa kubwa za buluu, kisha wanatafuta za kwao. Lakini taa zile zilitengenezwa kwa ajili ya matumbawe ya bahari. Samaki wa ziwa Tanganyika, wanaotoka kwa mfano Moba ao Kalemie, hawazihitaji.

Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya mwili wake kunaishi mwani mdogo sana unaomtengenezea chakula kwa nguvu ya mwangaza. Mwangaza ukipungua sana, njaa inamuua. Samaki yeye anakula kwa kinywa. Taa inamuonyesha tu mchana na usiku, na inakusaidia kumuona.

Basi chagua taa kufuatana na mahali samaki anaishi ziwani. Tropheus anakaa karibu na juu, anakwangua mwani ku mawe: anazoea mwangaza mzuri. Frontosa, yule mwenye nundu ku kichwa, anapenda kukaa chini zaidi, kwenye kiza kidogo. Taa kali inamuogopesha. Muwekee mawe ya kujificha. Kwa kioo cha lita 100, taa ya LED ya wati 10 inatosha, saa 8 kwa siku. Ukizidisha, kioo kitajaa mwani.

Hatari kubwa iko kwingine: SNEL ikikata kuran usiku, pompi ya hewa inasimama, oksijeni inapungua ndani ya maji, na asubuhi unaokota samaki wamekufa.

Fanya hesabu. Batri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 inabeba karibu wati-saa 84. Taa ya wati 150 ingeimaliza kwa nusu saa hivi. Pompi ya wati 3 inakula wati-saa 36 tu kwa saa 12: batri nzima inavuka usiku bila shida.

Na kama batri haiko? Ukiona samaki wanapanda juu kutafuta hewa, chota maji ya kioo na kikombe, uyamwage tena kutoka juu, mara nyingi. Usiwape chakula mpaka kuran irudi. Na usijaze samaki wengi ndani ya kioo kidogo: wakiwa wachache, hewa inadumu zaidi.